Iko Chini Sana

Gurudumu la kushoto la trela yetu lilikaa kwa fundi pale Satellite wiki tatu, limeegemezwa ukutani, limepinda kama chapati ya jana. Kila nilipopita niliulizia, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Mathee, kesho." Na si kwamba jamaa ni mvivu. Ringi haikumsumbua, ni inchi 20, saizi ile ile ya BMX za watoto, na spoki zake zinapatikana Kawangware ukiwa na subira. Kilichomshinda ni ekseli. Huko trela hii ilikotengenezewa, gurudumu linachomoka kwa kubonyeza kitufe cha katikati, kisha mtu anaikunja na kuitia kwenye buti ya gari. Kitufe kilikuwa kimevunjika. Fundi alikuwa anatafuta bolti ya geti itakayoingia mahali pake bila kucheza.

"Hii kitu haikuundwa ikifikiria huku," aliniambia siku moja, bila ubaya wowote.

Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa imekunjwa chini ya rundo la baiskeli za mtumba kando ya Ngong Road. Muuzaji alidhani ni ya mbwa. "Wazungu hubeba mbwa na hii," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona video. Akaanza na 9,000. Nilikuwa nimetoka kazini na aproni yangu ina madoa ya wino, nadhani hiyo ndiyo iliyonisaidia, maana tulimalizana kwa 4,500. Tulipoikunjua tukapata viti viwili vya kitambaa, mikanda ya kupita mabegani na katikati ya miguu, wavu wa kuzuia vumbi mbele, na plastiki ya kuteremsha mvua ikija. Chini ya kiti kulikuwa na biskuti ya mtoto, ngumu kama kokoto. Hiyo ilimaliza ubishi wa mbwa.

Niwape hesabu, kwa sababu watu hudhani niliingia kwa hii maneno kwa ajili ya mazingira. Tunaishi ndani ndani Kabiria. Ukiacha lami unafuata ua wa kayaba, unapita kwa mama mboga, unapita zizi la ng'ombe ambalo limekataa kabisa kukubali kwamba hii ni Nairobi. Mimi hufanya kazi kwenye duka la kuchapisha karibu na Adams Arcade. Chekechea ya Mkubwa, ambaye ana miaka mitano, ina chumba cha kulelea wadogo, na Mdogo, miaka miwili na nusu, anakaa humo. Nilichagua mahali karibu na kazi kwa sababu sina mtu wa kuwachukua jioni. Matatu asubuhi na watoto wawili ni vita: kondakta anataka uwapakate wote, na mvua ikinyesha nauli inapanda kabla matone hayajafika chini. Kwa hivyo tulikuwa tunapanda boda. 150 kwenda, 150 kurudi, na hiyo ni bei ya mteja wa kila siku. 300 kwa siku, siku 22 za kazi, ni 6,600 kwa mwezi. Trela ilijilipa kwa siku kumi na tano. Baiskeli tayari nilikuwa nayo.

Nilipoipeleka nyumbani kwa wazazi wangu, kwa jivu na fahari, baba aliizunguka mara mbili bila kusema. Huyu ni mzee aliyeendesha Black Mamba kutoka Kabiria hadi Industrial Area miaka yote ya utoto wangu, zaidi ya kilomita kumi kwenda na zaidi ya kumi kurudi, suruali imebanwa na kibanio cha nguo kwenye kifundo ili isiliwe na cheni. Siku za Jumapili alinibeba kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Siku moja niliacha mguu uning'inie, ukaingia kwenye spoki. Kovu bado liko, juu kidogo ya kisigino, linang'aa wakati wa baridi. Ukiuliza watu wa rika langu waliokua na baiskeli nyumbani, wengi watakuinulia suruali na kukuonyesha la kwao.

Kwa hivyo mimi nilikuwa na hoja yangu tayari. Nilimwonyesha kwamba miguu ya watoto imefungiwa ndani, haiwezi kufika popote. Nilimwonyesha kiungo kinachoshika ekseli ya nyuma ya baiskeli, jinsi kinavyozunguka, ili hata mimi nikianguka na baiskeli trela ibaki imesimama. Alikishika kiungo, akakitikisa, akaridhika nacho. Kisha akarudi nyuma hatua tano, akainama kidogo.

"Iko chini sana," akasema.

Ni hayo tu. Mama akaleta chai.

Hapo ni lazima nieleze kitu. Jioni moja, nikiwa darasa la sita, baba alirudi akiisukuma ile Black Mamba, gurudumu la mbele limekunjwa likawa herufi ambayo haipo. Mkono wake ulikuwa umefungwa leso. Aliiweka stoo, na kuanzia siku iliyofuata akawa mtu wa matatu. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakusema. Nyumbani kwetu mambo mengine huwekwa stoo hivyo. Wiki ile ile niliyomwonyesha trela alikata mwanzi kule nyuma, akaufunga kitambaa chekundu kutoka leso kuukuu ya mama, akaja nao hadi kwangu kwa miguu. Trela hizi huja na kijiti cha bendera, yetu ilikuwa imepoteza chake. Alichomeka, akakaza na waya, akaondoka.

Tulitoka kila siku saa kumi na mbili na robo. Mwendo huo una mambo yake. Ile sehemu ya kwanza ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha nasukuma, siendeshi. Kwenye lami unakutana na pikipiki za nyama zenye masanduku ya mabati, zikitoka machinjioni upande wa Dagoretti, zinakwenda kasi kana kwamba nyama itafufuka. Satellite unapumua kidogo. Naivasha Road hakuna kupumua. Dagoretti Corner nashuka na kuvuka kwa miguu, bila aibu, nimeshika usukani kama mama mwenye ng'ombe.

Halafu Ngong Road. Sehemu yake ilipanuliwa kwa ufadhili wa Japani, na kusema kweli walitukumbuka: kuna njia ya miguu na njia ya baiskeli, pana, laini. Ila njia ya baiskeli Nairobi ni kama kiti cha mbele kwenye mat, kila mtu ana sababu ya kukikalia. Kuna sofa za mafundi seremala. Kuna vitanda, miche ya maua, jiko la mahindi, boda zinazokwepa foleni zikija upande wako huku zikikupigia wewe honi. Trela ina upana wa karibu sentimita 80, na kuna zile nguzo za zege za kuzuia magari. Nilijifunza nguzo zipi zinapitika na zipi lazima nizunguke. Mahali pamoja nilikuwa nabaki na upana wa vidole vinne kila upande, na mlinzi wa pale alikuwa akisimama kunishuhudia kila asubuhi kama mtu anayetazama penalti.

Kitu ambacho hukioni ukiwa ndani ya gari ni jinsi tulivyo wengi. Walinzi, watu wa bustani, wapishi, wanaume wa mjengo walio na mwiko umefungwa kwenye keria, wote wakitoka Kawangware, Ngando na Waithaka saa kumi na mbili asubuhi, kimya, taa hazipo. Mwanzoni walinitazama kama sinema. Baada ya mwezi walianza kuinua kidevu, ile salamu ya waendesha baiskeli isiyopoteza pumzi. Mzee mmoja mwenye Black Mamba alikuwa akinitangulia Naivasha Road na kukaa katikati kidogo ya leni ili magari yapunguze. Hatukuwahi kuongea. Mdogo alimpungia mkono kila siku kama mheshimiwa kwenye sanrufu.

Watu wa boda pale kwenye kona wakanibatiza Mama Trela. Kejeli mwanzoni, kisha jina.

Mwalimu alinipigia simu. Alikuwa mpole. Alisema wazazi wengine wameingiwa na wasiwasi, na je, nimefikiria usalama? Kisha picha yangu ikazunguka kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi, imepigwa kutoka ndani ya gari, na chini yake mtu ameandika: "Huyu mama ataua watoto." Emoji za mikono ya maombi zikafuata, kama kumi na tano hivi.

Manze, hapo nilikasirika. Asubuhi hiyo hiyo, mbele ya geti hilo hilo, niliona boda moja ikishusha watoto wanne. Wanne. Mmoja kwenye tangi, watatu nyuma, mshikaki kamili, hakuna hata helmeti moja, begi la wa mwisho likining'inia juu ya ekzosi. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Hakuna aliyepiga picha. Mwalimu aliwapokea akicheka. Na mimi sikuwa na haki ya kusema lolote, kwa sababu miezi mitatu kabla ya hapo mshikaki ule ulikuwa ni sisi. Hatari uliyoizoea haiitwi hatari, inaitwa usafiri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, kwa sauti, nikipanda kilima. Nilikuwa na hotuba nzima.

Kisha ikawa Jumanne moja ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mkubwa alikuwa amechomoa mwanzi wa bendera jioni iliyotangulia ili awe mkuki wake, na asubuhi sikuuona, na tulikuwa tumechelewa. Nikasema ni siku moja tu. Nataka niliandike hilo waziwazi, kwa sababu kwa wiki kadhaa niliwasimulia watu kisa hiki na nikaruka kipande hicho.

Karibu na steji kulikuwa na dimbwi, nikasimama kutafuta pa kupita. Probox ilikuwa mbele yangu, pembeni, imezima. Ikawashwa. Ikaanza kurudi nyuma, polepole sana, polepole kama mtu anayerudi kitandani. Nilipiga kelele. Nilisikia baiskeli ikivutwa kutoka mikononi mwangu, na sauti ya chuma chembamba kikikubali kukunjika. Mama mboga alifika kwenye ile gari kabla yangu. Aliipiga buti kwa viganja vyote viwili, akipaza sauti jina la Mungu kwa Kikuyu.

Gari likasimama. Dereva alitoka, mzee wa umri wa baba yangu, mikono inatetemeka kiasi kwamba hakuweza kufunga mlango. "Sikuwaona," alisema. "Mama, haki, sikuwaona." Aliirudia kama mtu anayejifunza lugha mpya.

Mdogo alikuwa anacheka. Kwake trela ilikuwa imeruka tu. Fremu ilishika, mikanda ilishika, hakuna aliyekwaruzwa. Mkubwa alikuwa ametulia, macho makubwa, mikono imeshika mkanda. Watu wa boda wakajaa. Nilingoja kusikia "si tulikuambia", na mmoja alisema hivyo hasa, lakini mwenzake alishainama kufungua kiungo, na wawili wakabeba trela hadi kwangu, juu juu kama jeneza, na hicho ndicho kitu ambacho sikipendi nikikikumbuka. Mzee alinipa elfu moja ya gurudumu. Niliikataa, kisha nikaichukua.

Mkubwa hakusema neno hadi mchana. Chekechea hawakuenda siku hiyo, nilikuja nao dukani, na alikuwa amekaa chini ya meza yangu akikunja karatasi mbovu. "Mami," akasema, "yule guka hakutuona kwa sababu sisi ni wadogo?"

Tukarudi kwenye boda. Dereva ni yule yule, bei ni ile ile. Mkubwa kwenye tangi, Mdogo katikati, mimi nyuma nikiwakumbatia wote hadi kwenye jaketi ya mwenye boda. Getini mwalimu alitabasamu. Grupu ilinyamaza.

Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu, kama afanyavyo mtu anayetafuta wa kumlaumu. Nikasoma kuhusu Uholanzi, ambako sasa mzazi akibeba watoto watatu kwenye baiskeli hakuna anayegeuza shingo. Nilidhani walizaliwa hivyo. Kumbe mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyempoteza bintiye barabarani, aliandika mwaka uliofuata makala yenye kichwa Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto, na wazazi wakalichukua hilo likawa jina la vuguvugu lao. Walifunga mitaa, watoto wakacheza katikati ya lami. Njia za baiskeli hazikuanguka kutoka mbinguni, walizigombania.

Na sisi tuna karatasi zetu. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini inasema asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mwaka 2022 tulifunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na baiskeli hairuhusiwi kukanyaga hapo. Katika jiji ambalo watu wengi hufika kazini kwa miguu! Nilitaka hasira hiyo initoshe. Ilinitosha mpaka kama saa saba usiku hivi, kisha mwanzi ule ukarudi. Serikali haikuuchomoa.

Baba watoto huendesha tipa. Hubeba mchanga kutoka Machakos, hulala nyumbani siku mbili kwa wiki, tatu ikiwa kazi ni mbaya. Nilipomweleza kwa simu hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa. Aliporudi Jumamosi alibeba ile trela, ikiwa na gurudumu moja, akaniambia twende. Tipa huegeshwa kwenye ploti wazi upande wa Dagoretti Market. Akaniinua hadi kiti cha dereva, mara yangu ya kwanza kukaa hapo miaka yote hii. Akaweka trela mbele ya bampa, hatua mbili.

"Waona nini?"

Niliona bonde zima, mabati, minara ya simu, nguo kwenye kamba. Trela sikuiona. Akaisogeza kushoto, karibu na gurudumu la mbele. Sikuiona. Akaipeleka nyuma. Vioo vyote vitatu, hakuna. Kisha alisimama pale ilipokuwa trela, nikaona kofia yake tu, kofia ya bluu ikielea juu ya bampa.

Alipanda akakaa upande wa abiria. "Nilipoanza hii kazi niliapa sitawahi kukwambia hii," alisema. "Kila siku kuna watu siwaoni. Mimi huomba tu wao wanione."

Tulikaa humo muda mrefu, tukiangalia kioo cha mbele. Nilimuuliza kama anataka niache. Akasema boda pia haioni. Akasema yeye amewaona watoto wa boda wakiwa chini ya gari Mombasa Road, na hakutaka kuendelea, na sikutaka aendelee. Kisha akauliza ule mwanzi wa mzee ulikuwa na urefu gani.

Fundi alipiga simu Ijumaa iliyofuata. Alikuwa amepata bolti, si ya geti, ya kiti cha matatu, na ameikata kwa msumeno. Gurudumu linazunguka, linayumba kidogo upande mmoja kama mlevi mwenye heshima. 600. Akanionya kwamba sasa halichomoki tena. Nilimwambia hatuna buti ya gari ya kulitia.

Jumamosi tulikuwa ploti tena, safari hii na baba yangu. Alikuja na mwanzi mbichi, mrefu kupita wa kwanza, majani mengine bado yako juu. Mume wangu alikuwa ndani ya tipa, injini imezimwa, dirisha liko wazi. Watoto nilikuwa nimewakalisha juu ya tairi la akiba, mbali. Baba alisimama nyuma ya trela, akauinua mwanzi wenye kitambaa chekundu.

"Juu," akaita mume wangu.

Baba akainua.

"Juu, mzee. Juu bado."

Mikono ya baba ilikuwa imenyooka juu ya kichwa, shati limechomoka suruali. Mwanzi ulikuwa unatikisika.

"Hapo."

Akaushusha, akauweka kwenye nyasi, akauchonga alama kwa panga. Tulipopima ilikuwa mita mbili na nusu. Baba alitazama alama hiyo kwa muda, akipitisha kidole gumba. Akasema, bila kumwangalia yeyote, kwamba na yake ilikuwa lori, pale karibu na Nyayo Stadium, ikipinda kushoto. Kisha akaomba waya.

Jumatatu ilinyesha, tukapanda boda. Jumanne tulitoka saa kumi na mbili kamili, robo saa mapema, na kwenye steji nilishuka nikasukuma hadi ng'ambo ya Probox zote. Mama mboga alitazama mwanzi ukipita juu ya mwavuli wake, akauliza kama tumehamia jeshi. Mkubwa alikuwa amekataa kuingia mpaka nimwahidi kwamba hataugusa, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka.